Kutoka Shambani hadi Meza ya Masomo: Mwongozo kwa Wazazi Wanaosomesha Watoto Nyumbani Vijijini Pennsylvania

Katika vijiji vya Pennsylvania, kati ya Juni na mwanzo wa Septemba, kazi za shamba hazimsubiri mtu. Nyasi za mifugo hukatwa pindi zinapokuwa tayari na mvua ikiwa mbali. Maharage mabichi yakipitishwa siku chache bila kuchumwa hukomaa na kuwa magumu. Bluberi huiva Julai, mapichi hufuata, na mahindi matamu huanza kupoteza utamu wake mara tu yanapovunjwa, kwa sababu sukari iliyomo hugeuka kuwa wanga. Familia inayosomesha watoto wake nyumbani huingia katika miezi hiyo ikiwa na mashaka mawili. Ikiacha vitabu kabisa, Septemba watoto watakuwa wamesahau nusu ya hesabu walizojua. Ikishikilia ratiba ya majira ya baridi, mboga zitaozea shambani na kila mtu atalala akiwa amenuna.

Mimi na baba watoto tumeishi na mashaka hayo kwa miaka kadhaa, tukiwa na watoto watatu, kuku, ng'ombe wachache na bustani kubwa kuliko nguvu zetu. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya wazazi wenzangu wazungumzaji wa Kiswahili ambao wamehamia mashambani, au wanafikiria kuhama kutoka miji kama Lancaster, na ambao wangependa kusomesha watoto nyumbani bila kuliacha shamba. Nililojifunza ni kwamba kazi ya majira ya joto inaweza kuwa sehemu halali ya mwaka wa masomo, mradi mzazi afundishe kweli ndani ya kazi hiyo na aandike siku ile ile kile alichofundisha.

Anza na kalenda ya sheria

Kila jimbo la Marekani lina sheria yake kuhusu elimu ya nyumbani, na tofauti zake ni kubwa mno, hivyo ushauri wa jamaa aliyeko Texas au Ohio usiufuate ukiwa Pennsylvania. Hapa msingi ni Sheria Namba 169 ya mwaka 1988, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2014. Mtoto analazimika kuwa katika masomo kuanzia umri wa miaka 6 hadi 18. Mzazi anayesimamia masomo awe amemaliza angalau shule ya sekondari au awe na cheti kinacholingana na hicho. Aliyesoma Kongo na ambaye diploma yake imeandikwa kwa Kifaransa, ni vyema aifanyie tafsiri ya Kiingereza mapema na kuiweka pamoja na hati zake nyingine.

Mzazi huwasilisha hati ya kiapo kwa msimamizi wa wilaya ya shule anakoishi. Kwa familia inayoanza, hati hiyo hutangulia masomo. Kwa familia inayoendelea, hupelekwa kila mwaka kabla ya tarehe 1 Agosti. Huambatanishwa na muhtasari wa malengo ya kila somo pamoja na uthibitisho wa chanjo na huduma za afya. Kiapo huweza kushuhudiwa na mthibitishaji wa viapo, ambaye katika miji midogo mara nyingi hupatikana benki. Nawasihi msiiache kazi hii hadi wiki ya mwisho ya Julai, kwa kuwa ndiyo wiki ambayo maharage, nyanya za kwanza na mkato wa pili wa nyasi huweza kukutana. Sisi huiandika Juni, mvua inaponyesha na shamba likiwa haliingiliki.

Jambo ambalo wazazi wengi wageni hawalitambui ni kwamba mwaka wa shule katika jimbo hili huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Julai hadi tarehe 30 Juni. Sheria inadai siku 180 za masomo kwa mwaka, au saa 900 kwa shule ya msingi na saa 990 kwa sekondari, na mzazi huchagua kipimo kimoja kati ya siku na saa. Kwa hiyo siku ya masomo ya mwezi Julai ina thamani sawa na siku ya mwezi Februari. Tukifanya siku tatu za masomo kwa juma katika majuma tisa ya Julai na Agosti, tunakuwa na siku 27 kabla basi la shule halijaanza kupita barabarani. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Mei kuna majuma 39. Tukiondoa majuma mawili ya Krismasi yanabaki 37, na kwa siku nne kila juma tunapata siku 148. Jumla ni 175. Siku tano zilizopungua tunazilipa Januari, wakati theluji imefunika bustani na hakuna kitu kingine cha kufanya. Hesabu hiyo ndiyo inayotupatia Ijumaa za Septemba na Oktoba kwa ajili ya kuvuna viazi na matofaa, na mapumziko ya kweli mwezi Juni.

Daftari linaloning'inia kwenye msumari

Sheria inamtaka mzazi atunze jalada la kazi za mtoto: kumbukumbu iliyoandikwa siku kwa siku wakati masomo yanapofanyika, inayotaja kwa majina vitabu na maandiko yaliyosomwa, pamoja na sampuli za kazi zenyewe. Katika darasa la 3, la 5 na la 8 huongezwa matokeo ya mtihani sanifu wa lugha na hesabu. Mwishoni mwa mwaka mtathmini mwenye sifa zinazokubalika, kwa mfano mwalimu mwenye leseni ya jimbo na uzoefu wa kutosha, huzungumza na mtoto, hupitia jalada, kisha huandika cheti kinachofika kwa msimamizi wa wilaya kabla ya tarehe 30 Juni.

Mwaka wetu wa kwanza hatukuandika lolote kuanzia Julai hadi Septemba. Tulidhani tutakumbuka. Mwezi Mei uliofuata nilikaa mezani usiku tatu mfululizo nikijaribu kurudisha akilini siku za kiangazi kilichopita, na nilichoambulia ni picha za simu zenye tarehe na kumbukumbu mbili tatu za binti yetu mkubwa. Siku zile zote hatukuweza kuzihesabu kwa haki, nasi tulilazimika kusoma hadi wiki ya mwisho ya Juni ili kutimiza 180, huku palizi likitungoja nje.

Tangu wakati huo kila mtoto ana daftari lake la kawaida la mistari, lenye kamba, linaloning'inia kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni, na kalamu imefungwa humo humo. Baada ya chakula cha jioni, kabla ya kuoga, kila mmoja huandika tarehe, alichojifunza, na jina la kitabu alichosoma. Kitindamimba wetu, ambaye bado anajifunza kuandika, huchora na mimi huandika chini ya mchoro. Kazi hiyo haizidi dakika kumi.

Andika kwa uaminifu. Kuchuma bluberi tangu asubuhi hadi mchana ni kazi, siyo somo, hata kama mtoto amechoka kuliko siku zote. Inakuwa somo pale mtoto anapozipima kwa mizani, akazigawa katika vifuko vya gramu 450, akakokotoa vifuko vingapi vitatoka katika kilo 11 na ni gramu ngapi zitabaki, kisha akaeleza kwa maandishi alivyofanya. Mtoto anatambua upesi mno kama mzazi anaandika kitu ambacho hakikutokea, na somo analolichukua hapo si lile tunalotaka.

Masomo yaliyomo ndani ya kazi yenyewe

Orodha ya masomo ya shule ya msingi katika sheria ya Pennsylvania ni ndefu: Kiingereza, hesabu, sayansi, jiografia, historia ya Marekani na ya jimbo, uraia, afya, elimu ya viungo, muziki, sanaa, na elimu ya usalama, ambayo ndani yake inadaiwa kwa kutajwa wazi mafunzo ya mara kwa mara kuhusu hatari za moto na namna ya kuuzuia. Wazazi wengi hulitimiza sharti hilo la moto kwa kuchora ramani ya milango ya nyumba. Shambani tuna somo zito zaidi, nalo liko ghalani.

Nyasi zikifungwa marobota zikiwa na unyevu unaozidi takribani asilimia 20, vijidudu vilivyomo huendelea kufanya kazi na kutoa joto, na joto hilo likikosa pa kutokea huweza kuwasha ghala zima siku au majuma kadhaa baadaye bila mtu yeyote kuwasha kiberiti. Mwezi Julai tunawafundisha watoto kunusa: robota linaloungua kwa ndani hutoa harufu tamu inayofanana na sukari iliyoungua au tumbaku. Baba yao huchomeka kipimajoto kirefu katikati ya lundo, nao huandika usomaji wa kila siku katika jedwali na kuchora grafu. Wanajua kwamba nyuzi 65 za Selsiasi ni eneo la hatari, na kwamba lundo likikaribia nyuzi 80 watu hutoka na kikosi cha zimamoto huitwa kabla ya mtu kugusa robota hata moja, kwa sababu hewa mpya ikiingia moto hulipuka. Humo mna sayansi, hesabu na usalama kwa pamoja, na mtoto hausahau mchoro wa grafu ambao maisha ya ng'ombe wake yanautegemea.

Jikoni, Agosti ni mwezi wa kuhifadhi chakula katika chupa za kioo. Hapa naomba mzazi awe makini kuliko mahali pengine popote, hasa sisi tuliokulia kwetu ambako mboga hukaushwa juani na mambo haya ya chupa ni mageni. Maharage mabichi, mahindi na mboga nyingine zenye asidi kidogo hazihifadhiwi kwa kuchemsha chupa katika maji ya kawaida, kwa sababu mbegu za bakteria wanaosababisha botulizimu, yaani sumu ya chakula inayoweza kuua, hustahimili nyuzi 100. Zinahitaji sufuria maalumu ya presha inayofikisha nyuzi 116, na muda ulioandikwa katika maelekezo yaliyopimwa kitaalamu, kama yale ya wizara ya kilimo ya Marekani. Nyanya huweza kupikwa katika maji yanayochemka, ila kila chupa ya lita moja hivi huwekwa vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau ya dukani, kwa kuwa asidi yake imesawazishwa. Mtoto wa darasa la tano anayeulizwa ni kwa nini nyuzi 116 na si 100, na presha inahusianaje na kiwango cha kuchemka, anakuwa amegusa fizikia, biolojia na afya kabla chupa hazijapoa. Wadogo wafanye kazi ya kuhesabu vifuniko na kusikiliza mlio wake vinapojifunga. Sufuria yenyewe ibaki mikononi mwa mtu mzima.

Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21, na ukianza tarehe 1 Julai utakuwa na vifaranga tarehe 22. Katika siku ya saba zima taa, mulika kila yai kwa tochi, na mtoto ataona mishipa ya damu. Kitabu chochote cha sayansi kitafuata nyuma ya usiku huo.

Kupe ni somo la afya la kila jioni. Pennsylvania ni miongoni mwa majimbo yenye wagonjwa wengi zaidi wa ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe wadogo wa kulungu. Kagua nyuma ya magoti, kwapani, nyuma ya masikio na kwenye mizizi ya nywele. Mng'oe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, na andika tarehe. Wekundu unaotanuka katika majuma yanayofuata ni sababu ya kwenda kwa daktari bila kuchelewa. Jambo jingine nisilolifanyia mjadala: mtoto hapandi trekta kama abiria, hata kwa safari ya hatua mia, hata akilia.

Kwa watoto wenye umri wa miaka 8 hadi 18 kuna vilabu vya 4-H, vilivyochipuka Ohio mwaka 1902 na ambavyo hapa huendeshwa kwa usimamizi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania. Herufi hizo nne zinasimama kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kichwa, moyo, mikono na afya. Mtoto huchagua mradi, hutunza kitabu cha mapato na matumizi, na mwishoni huonyesha mnyama au kazi yake katika maonyesho ya kaunti. Kitabu hicho cha mradi kiingize katika jalada kilivyo. Kijana wetu wa kati, aliyekuwa akikimbia kila karatasi ya kuandika, aliandika kurasa kumi na moja kuhusu sungura wake bila kushurutishwa.

Hata hivyo kuna mambo ambayo shamba halifundishi. Jedwali la kuzidisha, visehemu, tahajia na kusoma kwa sauti huhitaji zoezi la kila siku, vinginevyo hufifia. Usiyaweke asubuhi; asubuhi ya kiangazi ni ya shamba, kabla jua halijakaza. Sisi huingia ndani saa sita mchana, tunakula, kisha kwa nusu saa kila mtoto hufanya hesabu ishirini za marudio na wote husikiliza sura moja ya kitabu huku wakipumzika sakafuni. Maktaba za umma huwa na mpango wa kusoma wa majira ya joto usiolipiwa, jiandikisheni Juni.

Kiswahili nacho kina nafasi yake, ijapokuwa sheria haikitaji. Majira ya joto tofauti yetu na Tanzania ni saa saba, kwa hiyo saa mbili asubuhi yetu ni saa tisa alasiri kule Lushoto, wakati bibi yao amekwisha swali adhuhuri na ameketi barazani. Jumamosi watoto humwelezea walichovuna. Lushoto kuna mapichi na plamu, nao hushangaa kila mara anapowasahihisha namna ya kuyachuma.

Kurudi mezani

Shule nyingi za wilaya hapa hufunguliwa wiki ya mwisho ya Agosti, au baada ya Siku ya Wafanyakazi, ambayo huwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Familia isiyofungwa na kengele inaweza kuchagua siku yake, lakini ichague siku moja, iitangaze mapema na isiisogeze.

Majuma mawili kabla ya siku hiyo shughulikia usingizi. Mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa tatu kasoro dakika ishirini usiku, na watoto huzoea kulala wakati giza linapoingia. Rudisha muda wa kulala nyuma kwa dakika kumi na tano kila baada ya siku mbili. Ukijaribu kuondoa saa nzima kwa usiku mmoja utapata watoto wanaotazama dari.

Juma la kwanza usifungue kitabu kipya. Chukua kurasa za mwisho za hesabu za mwaka uliopita, uzigawe kwa siku tatu, na mwache mtoto afanye bila msaada. Alichokosa ndiko utakakoanzia, hata kama ni kurasa arobaini nyuma. Juma hilo liwe la hesabu na kusoma tu, na masomo ya kila siku yaishe kabla ya saa tano asubuhi. Juma la pili ongeza uandishi na sayansi, la tatu historia na mengineyo. Mzazi aliyetoka katika shule za kwetu, ambako siku ya kwanza mwalimu aliingia na masomo saba, ataona hili kuwa ulegevu. Mimi niliona hivyo. Nililazimisha masomo yote siku ya kwanza kwa miaka miwili, na miaka yote miwili tulikuwa tumechoka na kugombana kabla ya Septemba kwisha.

Meza nayo isafishwe. Agosti yetu hujaa chupa na mbegu za nyanya zinazokauka juu ya karatasi. Watoto wenyewe waziondoe, wapange kalamu na daftari, na waandike ukutani majina ya vitabu vya mwaka. Mtoto anayepangiwa kila kitu hukaa kama mgeni mezani pake.

Mtoto anayerudi shule ya wilaya kabisa, kama alivyofanya binti yetu alipoingia darasa la tisa, anahitaji maandalizi tofauti. Ijulishe wilaya kwa maandishi, na ubebe jalada pamoja na cheti cha mtathmini ili uamuzi wa darasa lake uwe na msingi. Uliza basi linapita saa ngapi. Vijijini mtoto huweza kuwa barabarani kabla ya saa moja asubuhi, tena gizani ifikapo Oktoba. Ukitaka njia ya kati, sheria inamruhusu mtoto anayesomea nyumbani kujiunga na michezo na shughuli za ziada za shule ya wilaya yake, na tangu mwaka wa masomo 2023–2024 anaweza pia kuchukua masomo hadi robo ya siku ya shule. Mazoezi ya michezo ya vuli huanza Agosti, kabla ya masomo, basi usisubiri shule ifunguliwe ndipo uulize.

Zungumza na mtathmini wa mwaka huu kabla ya Januari. Wale wazuri hujaza ratiba zao za Mei na Juni mapema, na ukimwonyesha daftari la Julai wakati wa baridi atakuambia palipopungua ukiwa bado na muda wa kuparekebisha.

Katika upande wetu sakitu ya kwanza huanguka Oktoba. Siku ambayo utabiri unaitaja, funga vitabu adhuhuri bila kujali somo liko wapi, na kila mwenye mikono atoke: pilipili, nyanya mbichi, mchicha na maboga ya mwisho yaingie ndani kabla giza halijaingia, huku sukuma wiki ikiachwa, kwani baridi huiongezea utamu. Usiku huo waulize watoto ni kwa nini mchicha hufa na sukuma wiki hupona, kisha walishushe daftari msumarini na waandike.